Matunda ya Uzeeni

Neno la juma hili: “Watazaa matunda hata wakati wa uzee” (Zaburi 92:14).

Wapendwa katika Bwana,

Manowari ya Uingereza iliyoitwa London ilishushwa majini mwaka 1840, ikiwa merikebu ya matanga yenye mizinga 90. Miaka yake ya nguvu haina mengi ya kutujenga. Katika Vita vya Krimea, Oktoba 1854, ilipelekwa kuzipiga ngome za Sevastopol, nayo ikaharibiwa kwa mizinga ya Warusi; baadaye ilitiwa injini ya mvuke, lakini zama za manowari za mbao zilikuwa zikiisha.

Mwaka 1874 ililetwa Unguja, mwaka mmoja baada ya Sultani Barghash kukubali kulifunga soko la watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Ilitia nanga bandarini, ikaezekwa paa, ikawa ghala, karakana na hospitali. Haikuwa tena ya kufukuzana na mtu. Majahazi ya watumwa yalifuatiwa na mashua zake ndogo, zilizovizia siku nyingi katika vijito na visiwa vya Pemba, mabaharia wakilala humo humo juani na mvuani, kisha wakirudi kwenye manowari kuchukua chakula, kutengeneza kilichovunjika na kuuguzwa homa.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Desemba 1881 nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipolisogelea jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa. Wala nisiipambe dola iliyoituma, kwa maana mkataba ule wa Barghash na Uingereza ulizuia biashara ya watumwa tu, si utumwa wenyewe, na watumwa waliendelea kutumikishwa katika mashamba ya karafuu hadi amri ya mwaka 1897 iliyoufuta utumwa kisheria.

Hata hivyo, naona zaburi yetu haiwaahidi wazee kwamba watarudishiwa mbio za ujana. Inaahidi matunda, na mara nyingi matunda hayo huchumwa na wengine: mwinjilisti anayetoka asubuhi kwenda mitaani ameamkia nyumbani kwa bibi asiyeweza tena kutembea hadi kanisani, aliyemlisha, akamwombea, akamsikiliza alipokata tamaa. Katika taarifa ya usharika huandikwa jina la mwinjilisti peke yake.

Basi katika maombi ya jumuiya juma hili, kila mmoja amtaje kwa jina mzee aliyemtegemeza, na aliye karibu naye aende kumjulia hali kabla ya Jumapili.