Noti mbili kwa mpigo

Wapiga kinanda wenzangu, leo tuongelee kupiga do na mi pamoja, alafu re na fa, alafu mi na so, mkono wa kulia unatumia kidole cha 1 na 3 (gumba ndo 1, kidole kidogo ndo 5), unafata 2 na 4, kisha 3 na 5. Shughuli iko hapo kwenye 2 na 4, maana kidole cha nne kivivu balaa, kinachelewa kidoogo tu na noti zinasikika zimepishana. Mi napenda zoezi hili, noti za juu unaziunganisha, za chini unazidokoa fupi fupi, kisha unageuza, ila taratibu sana. Mkono ukianza kuuma acha, usijikaze kisabuni. Chopin, yule mtunzi wa piano wa zamani, ana etyudi (kipande cha mazoezi) nzima ya hivi, Op. 25 namba 6, hiyo naisikilizaga tu 😂