Yeti asiyesema: jinsi hamu ya kwao inavyohuishwa

Katika hadithi zetu za paukwa pakawa, likitokea jitu lenye manyoya msikilizaji anajua moja kwa moja kuwa ni zimwi, na zimwi hula watu. Kwa hiyo mhuishaji, yaani mchoraji wa katuni zinazotembea, anayetaka jitu la aina hiyo lihurumiwe anaanza kazi akiwa nyuma. Anayeonyesha vizuri kuliko wote jinsi pengo hilo linavyozibwa ni Everest, yeti (jitu lenye manyoya la hadithi za Himalaya) mchanga wa filamu ya Abominable ya mwaka 2019. Iliongozwa na Jill Culton akisaidiana na Todd Wilderman, ikatengenezwa na DreamWorks Animation pamoja na Pearl Studio ya Shanghai.

Everest ametoroka maabara na kujificha juu ya paa la jengo la ghorofa mjini Shanghai, ambako msichana aitwaye Yi anamkuta. Hasemi neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Yi anajuaje basi anakotaka kwenda? Anamwona akitazama bango la taa lenye picha ya mlima Everest. Basi, hapo ndipo yeti huyo anapopata na jina lake.

Tazama hilo la bango tena na tena, kwa sababu ndimo ufundi ulimo. Anayetaka kulijaribu kwenye kazi yake aanze na macho: yanahama kwanza, kichwa kinafuata fremu (picha moja moja zinazounda filamu) 3 au 4 baadaye. Mtu akivutwa na kitu moyoni, jicho hutangulia. Kichwa kikitangulia anaonekana ameitwa tu. Kisha kope. Kwa filamu ya fremu 24 kwa sekunde, kupepesa kwa kawaida huchukua fremu 6 hivi, yaani robo sekunde. Mwenye hamu ya kwao hupepesa mara chache, na kope zake hushuka taratibu, fremu 10 hadi 12. Halafu mwache atulie sekunde 2 nzima, fremu 48, ndipo ukate kwenda kwenye kile anachokitazama.

Wengi huharibu hapo kwenye kutulia. Wanaona fremu 48 ni nyingi, wanajaza nyusi zinazopanda, mdomo unaotetemeka, chozi juu yake. Mtazamaji akilazimishwa kuhuzunika hugoma. Wengine humgandisha kabisa, na kiumbe wa 3D, yaani wa kompyuta mwenye umbo la pande tatu, akiganda huonekana sanamu. Kifua chake kipande na kushuka; kwa mnyama mkubwa pumzi moja ya sekunde 3 au 4 inatosha, na mboni zicheze kidogo sana.

Umri nao hubebwa na umbo. Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, alieleza alama zinazotufanya tumwone kiumbe kuwa mtoto: kichwa kikubwa kwa kulinganisha na mwili, paji pana, macho yaliyokaa chini ya mstari wa katikati ya uso, mashavu ya mviringo, mikono na miguu minene mifupi. Unaweza kumpa kiumbe kimo cha kugusa dari na bado akaonekana mtoto, mradi vipimo hivyo vikae sawa. Ukipandisha macho juu ya mstari wa katikati, umepata zimwi.

Uzito unaonekana kwenye hatua. Hatua moja ya mtu wa kawaida huwa fremu 12. Kwa jitu jaribu 16 hadi 20, na nyonga ishuke mguu unapopokea mwili. Lakini usimfanye mzito muda wote. Mtoto akifurahi huruka, na kubadilika huko ndiko kunakoonyesha kwamba uzito wa awali ulikuwa wa moyo.

Manyoya meupe ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Kwenye Blender, programu ya kompyuta ya kutengenezea katuni za 3D, hupandi kila unywele: unachana nywele elekezi, nazo zinazaa nyingine. Nywele elekezi 1,000, kila moja ikizaa 100, ni nywele 100,000, na kompyuta ndogo italemewa. Wakati wa kuhuisha onyesha 10 kwa kila moja. Weka 100 unapotoa picha ya mwisho. Chana nywele za usoni zielekee mbali na macho na uzifupishe, la sivyo zitatoboa kope kila anapopepesa. Rangi usiweke nyeupe tupu, kwa sababu mwanga utafuta maumbo yote. Teremsha mng'ao hadi 0.8 hivi (1 ndiyo nyeupe tupu), vivuli uvitie ubuluu kidogo. Kwenye theluji weka taa nyuma yake ili kingo za manyoya zing'ae, vinginevyo atapotea ndani ya mandhari. Ncha za nywele ndefu zisimame fremu 2 au 3 baada ya mwili kusimama.

Kuna jambo jingine filamu hii inalipatia sana. Waswahili husema mkataa kwao ni mtumwa, na Everest mjini ni mkubwa mno kwa kila kitu, hata pa kujificha anapata kwa shida. Safari inapoendelea kuelekea Himalaya, uwezo wake unajitokeza: matunda ya buluberi yanavimba kuwa makubwa ajabu, shamba la maua ya manjano linafanya mawimbi kama bahari. Ukaribu wa kwao unasomeka kwenye dunia inayomzunguka, bila mtu kuutaja. Hata pale kwenye sanamu ya Buddha ya Leshan, iliyochongwa mlimani kati ya mwaka 713 na 803 na yenye urefu wa mita 71, jitu letu linakuwa dogo kama sisi.

Sauti ya Everest ni mvumo wa koo, mdomo ukiwa umefungwa, uliotolewa na Joseph Izzo, nao unakutana na fidla ya Yi, iliyokuwa ya marehemu baba yake. Ukitaka kiumbe wako avume, rekodi sauti kwanza, kisha uhuishe kifua na koo kwa kuifuata. Ukifanya kinyume, mvumo utakaa juu ya mwili kama redio iliyowashwa chumba cha pili.