Nilivyoomba ruhusa ya swala wa taa

Kadi mia mbili zenye picha niliyompiga swala aliyetengenezwa kwa taa zilikuwa zimebakiza hatua ya kuchapwa tu, na nusu ya malipo nilishatoa. Mzee wa mtambo akaishika sampuli, akaisogeza karibu na taa ya mezani, akaniuliza: "Mwanangu, huyu swala ni wa nani?"

Nikamwambia yuko barabarani, amewekwa kwa ajili ya sikukuu, kila apitaye anampiga picha.

"Sikukuuliza yuko wapi. Nimekuuliza katengenezwa na nani."

Sikuwa na jibu. Nikamwomba asimamishe kazi, nikarudi nyumbani nimenuna.

Nina miaka kadhaa sasa ya kuzunguka na kamera taa za sikukuu zinapowashwa. Natoka jua likishazama, kabla giza halijashika vizuri, maana kuna dakika chache ambapo bluu ya anga na manjano ya balbu vinalingana. Ukichelewa, anga inakuwa shimo jeusi na taa zinaungua kwenye picha. Swala yule nilimpata katika dakika hizo, na usiku ule wa kununa nikamkuza kwenye kompyuta. Mwili ni waya uliopindwa, balbu zimefungwa kwa vibanio vya plastiki, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa kidogo, shingo imegeuka kama aliyesikia jani likivunjika nyuma yake. Masikioni balbu zimesongamana kuliko tumboni, ndiyo maana kwa mbali masikio yalionekana kama yanatikisika. Kuna mtu alikaa akalifikiria lile sikio.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mzee wa mtambo. Balbu yenyewe haina hakimiliki, wala uzi wa taa uliozungushiwa shina la mti, wala nyota ya pembe tano. Kuwa na wazo la kutengeneza swala wa taa nako hakumpi mtu haki ya kuwazuia wengine. Kinacholindwa ni huyu swala, alivyopindwa na kusimamishwa na mtu fulani kwa namna yake. Kwa sheria ni kama sanamu. Na anayepiga picha ya sanamu ametoa nakala yake, hata kama picha yenyewe ni mali yake.

"Lakini iko hadharani!" Kila ninayemsimulia husema hivyo, na mimi nilisema vilevile. Nchi nyingi kweli zinatoa uhuru wa kupiga picha vilivyo hadharani, ila kila moja imeukata kwa mkasi wake. Uingereza, kwa sheria ya 1988, inaruhusu majengo na sanamu, lakini michoro bapa kama ile ya ukutani haimo. Marekani imeruhusu majengo peke yake; sanamu ya barabarani bado ina mwenyewe. Ufaransa ilifungua mlango mwaka 2016, tena nusu: majengo na sanamu zilizowekwa kwa kudumu njiani, kwa mtu binafsi, bila biashara.

Neno lililonikwamisha ni hilo, "kwa kudumu". Uingereza wanalo, Ujerumani pia. Mwaka 1995 wasanii Christo na Jeanne-Claude walilifunika jengo la bunge, Reichstag, mjini Berlin kwa kitambaa kwa wiki mbili hivi. Watu wakauza kadi za picha zake, kesi ikafika mahakama ya juu, na mwaka 2002 ikaamuliwa kwamba kazi ile haikuwekwa ili ibaki, kwa hiyo uhuru ule haukuihusu. Sasa taa za sikukuu ni nini kama si hivyo? Zinakuja, zinang'olewa. Naona ni kinyume cha akili ya kawaida, kwamba kitu cha kupita ndicho chenye ulinzi mkali zaidi, lakini ndivyo ilivyo.

Mnara wa Eiffel wengi wanaujua. Chuma chenyewe, cha 1889, hakina hakimiliki tena. Mchana piga na uza. Taa zake za usiku zinahesabiwa kuwa kazi ya ubunifu, na anayetaka kuzitumia kibiashara anaomba ruhusa. Mtalii anayejipigia picha ya kumbukumbu hasumbuliwi.

Basi nikazitandaza picha zangu sakafuni. Za barabara nzima, watu wanavuka, taa zimetawanyika juu bila hata moja kutawala, nikaziweka upande wa salama, kwa kuwa kilichoingia kwa kupita tu, bila kuwa kiini cha picha, sheria nyingi hukivumilia. Za miti iliyozungushiwa balbu, salama pia. Moja ilikuwa ya mhusika wa katuni anayejulikana dunia nzima. Hiyo niliifuta bila kujadiliana na nafsi, maana huyo ana hakimiliki na alama ya biashara juu yake, na hata aliyemtengeneza kwa taa sijui kama aliruhusiwa. (Video niliyoirusha mtandaoni ilishanyamazishwa sauti siku hiyohiyo, kwa sababu ya wimbo uliokuwa ukipigwa pale kwenye spika. Taa hazikuwa na tatizo lolote!)

Akabaki swala. Nilirudi mchana taa zimezimwa, nikainama hadi kwatoni, na pale kwenye kisanduku cha umeme palibandikwa karatasi yenye jina la karakana. Nikaandika barua fupi: picha hii hapa, nataka kuchapa kadi mia mbili, za kuuza, msimu huu tu, jina lako litakaa nyuma ya kila kadi, niambie masharti yako. Nilijifunza kutaja idadi na muda, kwani "naomba kutumia picha" haimwambii mtu chochote, naye akiogopa atakataa.

Siku nne kimya. Ya tano akajibu mama mmoja, kwa maneno machache: "Sawa mwanangu, chapa. Niletee kadi kumi. Na kama huoni tabu, nitumie picha kubwa ya huyo mnyama akiwa amewaka. Mimi nina za karakanani tu, waya mtupu. Nataka niiweke kwenye tangazo langu."

Nikamwandikia: "Shikamoo mama. Kwa tangazo nakuruhusu, msimu huu na ujao, jina langu liwe chini ya picha." Akajibu kwa kicheko, kisha akauliza kama kulitaja jina kwa herufi ndogo kunatosha.