Namba Iliyo Mgongoni mwa Friji

Kila friji niliyowahi kuitengeneza Mbagala ina namba yangu ya simu mgongoni. Naiandika kwa maka peni, tarakimu kubwa, juu kidogo ya kompresa, ili siku ikigoma tena mwenyewe asihangaike kutafuta fundi. Ndiyo sababu nilivumilia mtandao mbovu miaka na miaka.

Nilikuwa nimepanga bondeni, chumba na sebule, na ndani ya nyumba ile simu yangu ilikuwa pambo. Mteja anapiga, namsikia vizuri, "Fundi, ile friji yetu..." halafu sauti inaanza kukwaruza na kumezwa. Naita halo, halo, mtaa mzima unajua nimepata kazi isipokuwa mimi. Natoka mbio mpaka chini ya mwembe wa jirani, nampigia, na salio langu ndilo linaloliwa. Siku nyingine simu haiiti kabisa. Mtu anaambiwa sipatikani, nami ninayo mkononi, minara imejaa. Huduma kwa wateja waliniwekea muziki weee, kisha wakanishauri nizime simu niiwashe.

Mkesha wa Krismasi 2016, friza ya mwenye bucha mmoja ilikufa saa nne usiku, imejaa nyama ya sikukuu. Alinipigia mpaka akachoka. Asubuhi nilipotoka nje, jumbe za kwamba nilitafutwa ziliingia kwa mkupuo, simu ikatetemeka kama ina homa. Nilipofika bucha hakunigombeza. Aliigeuza friza, akanionyesha mwandiko wangu mwenyewe.

"Fundi, hii namba uliniandikia au ulinichorea?"

Laini nyingine nilikuwa nayo, simu yenyewe ya laini mbili. Lakini nani angezunguka nyumba kwa nyumba, afute namba ya zamani kwenye friji zote zile? Nyingine zilishauzwa, zimehamia Chanika, Kibaha, sijui wapi.

Basi tarehe 1 Machi 2017, Mamlaka ya Mawasiliano iliporuhusu mtu kuhama mtandao na namba yake ile ile, sikungoja kusimuliwa. Nilitoa pesa zote zilizokuwa kwenye simu, nikalipa salio nililokuwa nimekopa, maana wa kule hawakuachii na deni, nikaenda duka la mtandao mpya na kitambulisho cha mpiga kura. Dada wa pale akanijazia fomu, akasema, "Kaka, sasa andika neno HAMA, tuma kwenda 15080."

"Basi?"

"Basi."

Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa sababu. Nilikuwa na hotuba nzima, bucha na yote. Hakuna aliyeitaka.

Alasiri laini ya zamani ikazima, mpya ikashika. Nikarudi bondeni, nikakaa kwenye kochi, nikampigia mwenye bucha kumsalimia tu. Tukaongea mpaka akauliza niko wapi leo mbona hakuna kelele za barabarani.

Jioni akapiga mama kutoka Muheza. Hatujamaliza hata habari za shamba, simu ikakata. Moyo ukaniruka: yale yale! Nikampigia upesi.

"Mwanangu, salio langu limekwisha lote, na kifurushi changu hakijaguswa."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mama hununua dakika za kupiga ndani ya mtandao ule ule, kwa ajili yangu mimi, na sikumwambia kwamba nimehama. Nikamweleza: namba ni ile ile, inaanza vile vile, ila mimi simo tena.

Alinyamaza kidogo. "Sasa mtu atajuaje, na mlangoni jina ni lako?"

Sikuwa na jibu.

"Basi utakuwa unapiga wewe," akasema, akakata. Hadi leo napiga mimi.