Hata ukienda kuoga tu, funga mlango

Wadogo zangu mnaoanza chuo, hii nawaandikia nyie hasa. Mi niliibiwa laptopu hosteli nikiwa mwaka wa pili na mpaka leo nikikumbuka roho inauma.

Ilikuwa wiki ya UE, ile mitihani ya mwisho wa muhula, asubuhi, saa moja haijafika. Chumba tulikuwa wanne kwenye vitanda viwili vya deka, na wa tano tulikuwa tunambeba kwa sababu alikosa chumba. Wenzangu wote walishatoka kwenda kujisomea, mi nikachukua ndoo na sabuni nikaenda bafuni, mlango nikaurudishia tu maana nilijua dakika kumi nimerudi. Narudi mlango uko vilevile, sikushtuka hata kidogo, nikapaka mafuta, nikavaa, ndo nageuka mezani naona waya wa chaja unaning'inia, taa yake ndogo ya kijani bado inawaka. Laptopu haipo. Notsi za muhula mzima na ripoti ya fildi vyote vilikuwa humo, na sikuwa nimejitumia hata kwenye imeili.

Baadae nikaja kuelewa kwamba mwizi wa hosteli mara nyingi havunji kitu. Anapita koridoni amevaa vizuri tu, anajaribu kitasa kimoja kimoja, akikuta mtu ndani anauliza "samahani, Neema yupo?" na wewe unamjibu kwa upole kabisa. Kwahiyo funga hata ukienda kuanua nguo, na mkubaliane chumba kizima siku ya kwanza kabisa, kila mtu achongeshe funguo yake, msifiche juu ya fremu ya mlango wala ndani ya kiatu, huko kila mtu anajua.

Makabati ya hosteli funguo ya mwenzio inaweza kufungua lako, nunua kufuli lako. Simu usichajie dirishani hata kama kuna nondo, usiku watu wanavuta na mti. Na bumu, ile hela ya mkopo wa kujikimu, likiingia usitoe zote ukaweka chini ya godoro, siku hiyo hosteli nzima inajua mna hela.

Afu kitu ambacho natamani ningekifanya mapema: piga *#06# itakuja IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yako, iandike kwenye daftari na mtumie mtu wa nyumbani. Laptopu igeuze chini upige picha serio namba, risiti tunza. Mi nilifika polisi naulizwa serio namba natoa macho tu. Kwa simu, ukishapata loss report, ile karatasi ya polisi ya kupotelewa na mali, ukiwa na IMEI unaenda nayo kwa mtandao wako waifungie isishike laini.

Ila kilichoniuma kuliko laptopu ni yule tuliyekuwa tunambeba. Jioni ile tulikaa kitandani watu wanne tukamuuliza yeye peke yake alikuwa wapi asubuhi, wengine hatukuulizana. Alijibu alikuwa laibrari, akakunja shuka lake, akaweka vitu vyake kwenye begi akaondoka usiku huohuo. Mlango niliuacha wazi mimi, na ushahidi juu yake sikuwa nao hata chembe. Tulimaliza chuo tunapishana tu kwenye madarasa, nilimuomba msamaha siku ya mahafali, akasema yameisha, ila hakunitazama.