Kabla au baada?

Siku ya tano leo, na lile suali la Maalim juu ya programu yangu ya kuuza vitanda vya meli bado linanigonga. Alisimama nyuma yangu, kikombe cha kahawa mkononi, akakitazama kioo cha kompyuta kitambo.

"Mwanangu, huu mstari umeusoma kabla ya kuufunga, au umeufunga kabla ya kuusoma?"

"Nimeusoma kwanza, Maalim, ndipo nikaufunga."

"Basi hujafunga kitu." Akenda zake kuswali adhuhuri.

Hujafunga kitu! Na SELECT ... FOR UPDATE, amri ya kusoma mstari na kuufunga ili mwengine asiubadilishe, imo, ndani ya BEGIN na COMMIT, mwanzo na mwisho wa muamala. Lakini programu ilikwishausoma mstari wa kitanda 14 kwa SELECT ya kawaida, ikaona "wazi", ikaliweka neno hilo kwenye kumbukumbu yake. Kufuli hulinda mstari ulio kwenye kanzidata, ghala la data zetu. Nakala iliyokwisha kusomwa hailijui. Karani wa bandari ya Malindi, Unguja, akafunga, akauza, akaachia. Wa bandari ya Mkoani, Pemba, akangoja zamu yake, akalipata kufuli, na akauza kwa "wazi" ya zamani. Abiria wawili, kitanda kimoja, meli ya usiku imeshang'oa nanga, na mmoja ana mtoto mchanga.

Wiki hii seva mpya imefika na binamu kaolewa Wete, alhamdulillahi. Mimi harusini nilikuwa na neno moja tu kichwani: kabla, au baada?

Jana usiku nikaifumua yote. Sasa FOR UPDATE ndiyo usomaji wa kwanza, na uamuzi unatokana na ilichorudisha. Malipo ya simu nimeyatoa nje ya muamala, maana mteja akitafuta namba yake ya siri, kufuli linakaa naye. Kitanda kinaandikwa "kimeshikwa" pamoja na saa ya kuisha, COMMIT, kisha malipo, kisha muamala wa pili unaofunga na kukagua upya. PostgreSQL, kanzidata yetu, usipoiambia kitu hungoja kufuli bila kikomo, kwani lock_timeout yake, muda wa mwisho wa kungoja, ni 0, yaani haina mwisho. Nimeweka sekunde 3. Familia ikitaka vitanda vinne, vifungwe kwa ORDER BY id, yaani kwa mfuatano wa namba zao. La sivyo huyu ana 14 anataka 15, yule ana 15 anataka 14, wakangojana. Baada ya sekunde 1 PostgreSQL hukagua na kumtoa mmoja kwa kosa 40P01, naye aanze tena tangu BEGIN. Wa kanzidata ya MySQL, tazameni faharasa (index): sharti la WHERE lisilo na faharasa, kwa mpangilio wa kawaida wa InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, hufunga kila mstari inaoupitia.

Asubuhi nikafungua madirisha mawili ya psql, programu ya kuiandikia PostgreSQL amri. La kwanza likafunga 14. La pili likaganda, kishale kinapepesa tu. Nikaandika "kimeuzwa" kule, COMMIT, na papo hapo huku likajibu: kimeuzwa. Nilitamani Maalim awepo. Suali lile lilikuwa zawadi, nami nilinuna siku tano.

Mama kapiga simu sasa hivi. Karafuu ziko jamvini siku ya pili, na wingu limesimama upande wa Mtambwe. Wa kuzianua ni yeye peke yake, na goti lake bovu.