Tulipohamia Bujumbura na Watoto Wadogo

Nimerudi nyumbani Kigoma kwa likizo ndefu ya shule, na tangu nifike hapa Mwanga nimeulizwa na kina mama wasiopungua watano namna ya kuhamia Burundi na watoto. Karibu wote huanza kwa kusema kwamba Bujumbura si mbali. Nami nilisema hivyohivyo mwaka jana mwezi Januari, mume wangu alipopata kazi huko katika kampuni ya kusafirisha mizigo, wakati mtoto wetu wa kwanza ana miaka saba na mdogo wake ana mitatu. Ukitoka hapa unapanda hadi mpakani Manyovu, unavuka, kisha unateremka kupitia Mabanda hadi Nyanza-Lac na kufuata ufuko wa ziwa kupita Rumonge, na aliyeondoka alfajiri hulala Bujumbura. Ukaribu huo ulinifanya nisijiandae, na walioumia kwa sababu hiyo ni watoto.

Kuhusu nyaraka sina mengi ya kusema. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, kwa hiyo Mtanzania haombi viza ya kuingia, lakini kila mtoto anahitaji hati yake mwenyewe ya kusafiria pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na hati hiyo haipatikani bila cheti cha kuzaliwa. Anayekwenda kuishi na kufanya kazi aanze mapema kushughulikia kibali cha ukaazi. Chakula nacho hakikutupa taabu hata kidogo: dagaa huko huitwa ndagala, mgebuka huitwa mukeke, kisamvu huitwa isombe, na mawese ni yaleyale. Binti yangu alikula siku ya kwanza kana kwamba hajahama.

Kilichotusumbua mapema kuliko nilivyotarajia ni saa. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa muda wa saa moja, ingawa ziwa ni lilelile na jua linatutokea sote karibu wakati uleule. Sisi wa Kigoma tunaishi magharibi kabisa mwa nchi inayofuata saa ya pwani, ndiyo maana jua letu huchomoza karibu na saa moja asubuhi na kuzama karibu na saa moja usiku. Bujumbura huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili. Mwanangu alikuwa ametoka tu kujifunza kusoma saa na alijivunia sana ujuzi huo. Hapa Kigoma alizoea kucheza nje hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, na kule, kwa saa hiyohiyo, giza lilikuwa limekwisha kuingia nami nilikuwa nimemwita ndani. Kwa muda wa wiki nzima aliamini kwamba tunamwadhibu kwa kosa ambalo hatukumtajia. Niligundua hivyo siku aliponiletea saa ya ukutani, akanionyesha mshale na kuniuliza kwa machozi alichokosea. Laiti ningekaa naye kabla ya safari na kumweleza, lisingetokea.

Barabarani ilikuwa hatari zaidi. Burundi magari hupita upande wa kulia, na mtoto niliyemfundisha kwa miaka mitatu kutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka alifanya hivyo kwa utiifu kamili, akakanyaga lami huku gari likimjia kutoka kushoto. Nilimvuta kwa begi la shule. Baada ya siku hiyo tulitenga kila jioni, kwa mwezi mmoja, muda wa kusimama kando ya njia pamoja na mdogo wake na kujifunza upya, na sikumruhusu kuvuka peke yake hadi nilipoona kichwa chake kinageuka kushoto bila kuambiwa.

Lakini jambo ambalo ningependa kila mzazi wa Kigoma alisikie ni la shule na lugha. Mwaka wa masomo wa Tanzania huanza Januari, na wa Burundi huanza Septemba. Mwanangu alikuwa amemaliza darasa la kwanza mwezi Desemba, tukafika Januari tukidhani tumewahi, kumbe darasa la pili tulilomwingiza lilikuwa na miezi minne mbele yake. Zaidi ya hayo, tuliichagua shule ya binafsi inayofundisha kwa Kifaransa, kwa sababu tuliona Kifaransa ndicho kitakachomfaa baadaye. Alikaa humo muhula mmoja. Mtoto ambaye hapa Mwanga alikuwa hanyamazi aliacha kuzungumza darasani, kisha akaacha kuzungumza njiani, na kufikia Pasaka alikuwa anajibu kwa kichwa hata nyumbani. Simlaumu mwalimu, kwa maana alikuwa na watoto wengi na hakuwa na lugha ya kumfikia.

Lugha hiyo tulikuwa nayo sisi, na sikuwa nimempa. Mimi ni Muha. Mama yangu ni mzaliwa wa Kasulu, na Kiha chake na Kirundi vinakaribiana kiasi kwamba yeye na Mrundi wanaweza kuongea kutwa nzima bila mkalimani. Wanangu lakini niliwalea kwa Kiswahili peke yake. Nilijiambia kwamba mjini Kiswahili kinatosha, na hilo ni kweli, ila kulikuwa na sababu nyingine ambayo sikuwahi kuisema kwa sauti. Mkoa wetu umepokea wakimbizi wa Burundi tangu mwaka 1972, na tangu utoto wangu niliona jinsi Muha anayesikika akizungumza lugha yake anavyoweza kudhaniwa si raia na kuulizwa vitambulisho. Nilitaka kuwaepusha watoto na maswali hayo. Nikawapeleka katika nchi ambayo jirani, muuza mboga na watoto wenzao walizungumza karibu kama bibi yao, nao wakasimama katikati yao kama viziwi. Katika mitaa kama Buyenzi Kiswahili kinatosha kabisa, lakini sisi hatukupanga huko.

Tulimtoa katika shule ile, tukamwacha apumzike, na mwezi Septemba tukamwandikisha upya mwaka wa kwanza katika shule inayofundisha kwa Kirundi kwa madarasa ya mwanzo, ambayo Kifaransa ni mojawapo ya masomo. Kumrudisha mtoto nyuma kuliniuma, na ndugu kadhaa walinilaumu. Wakati huohuo mama yangu alianza kumpigia simu kila jioni. Mwanzoni hawakuwa na la kuzungumza zaidi ya salamu, hadi siku moja alipomuuliza:

"Bibi, inka ni nini?"

"Ni ng'ombe, mjukuu wangu. Hata sisi ndivyo tunavyosema."

"Na amazi?"

"Amazi ni maji. Na inzu ni nyumba. Nani kakufundisha Kiha?"

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza mimi kwa nini bibi anajua lugha ya shuleni kwao. Tangu hapo alianza kumpelekea bibi maneno ya darasani kama mtu anayepeleka zawadi, naye bibi akamrudishia mengine. Yalipotofautiana walibishana kwa furaha. Kufikia Januari alikuwa anacheza mpira na watoto wa jirani na kugombana nao kwa Kirundi. Binti yangu, ambaye hakufundishwa na yeyote, alimfuata kaka yake, na sasa anachanganya lugha mbili katika sentensi moja bila kujua kwamba ni mbili.

Mwezi wa tisa kijana ataingia mwaka wa pili, na safari hii mama yangu anakwenda nasi kukaa hadi Krismasi. Ana miaka sitini na minane na hajawahi kuvuka mpaka wa Manyovu. Jana tulimpeleka kuchanjwa homa ya manjano, na mjukuu wake alimshika mkono mpaka sindano ikatoka, akimwambia kwa Kirundi asiogope, naye akamjibu kwa Kiha.